Jiwe Limebaki Sebuleni

Bwana Ssekitoleko alinipa karatasi
aliyoikunja mara nne mfukoni:
mraba, mraba, duara la bwawa la kuogelea,
na penye jiwe, msalaba mwekundu.
"Hili lipasuliwe," alisema. "Wenye baruti wapo."
Akarudi Kampala kabla ya mvua ya saa tisa.

Nikabaki juu ya Kyanjuki na hema, biskuti,
na fundi Thembo, apimaye mteremko kwa goti bovu:
likimuuma, hapo pawe ngazi.

Usiku wa kwanza nilichora chumba cha kulala
upande wa bondeni.
Usiku wa pili ukungu ukapanda kutoka Nyamwamba,
ukapita katikati ya chumba hicho
bila hodi, kama mwenye nyumba.
Nikakifuta.

Alfajiri, sauti za wanawake:
Masika na wakwe zake, vikapu vya kahawa
vimening'inia kwa kamba za paji la uso,
wakakata jiko langu vipande viwili, wakatokomea.
Nikalihamisha jiko.
Kijia kile kimeizidi umri hati ya kiwanja.

Thembo akaniteremsha mtoni, akanionyesha
majabali makubwa kama malori
yamelala palipokuwa na duka la shangazi yake.
"Maji hayasahau kwao," alisema.
Akang'oa vigingi vyangu vyote,
akavipandisha hatua arobaini.

Basi nyumba ikawa nyembamba,
ikajikunja kama paka kulizunguka jiwe.
Mianzi ya juu ni ya hifadhi; hatukuigusa.
Mbao ni za mikaratusi ya Thembo mwenyewe,
aliyoipanda mwaka aliooa,
akaikata mwaka alioachwa.
Paa nilitaka la nyasi.
Thembo akauliza nani ataliezeka upya,
mimi au mwenye nyumba?
Likawa bati, la rangi ya moshi.

Bwawa halimo. Nilimwandikia:
mto unatosha, na hauombi ruhusa.
Hakujibu wiki tatu.

Akaja Julai na sanduku la magurudumu
yasiyojua kupanda ngazi.
Akasimama dirishani siku nne.
"Theluji iko wapi?"
"Nyuma ya wingu."
"Na wingu litaondoka lini?"
Hilo, nilimwambia, halimo kwenye ramani.

Usiku wa tano simu ikalia, saa kumi.
Nilidhani paa limeng'oka.
"Biira," akanong'ona, kana kwamba kuna mtoto amelala,
"moto ulizimika tangu saa nne.
Nimeliegemea lile jiwe.
Lina joto bado."

Kisha kimya. Nikasikia mto
ukipita ndani ya simu yake.

Nilikuwa na mengi ya kusema.
Nikamkumbusha salio la Thembo.