Kunde Nyuma ya Nyumba

Mwezi wa pili huu bomba la Mtongwe linakohoa upepo.
Mkokoteni wa Chengo unapita na madumu ishirini,
bei imepanda tena,
na mama anahesabu sarafu mara mbili
kana kwamba zitazaana mkononi.

Nyuma ya nyumba, kunde zangu tatu
ndani ya karai lililotoboka.
Nimezipima kwa rula ya shule: tangu Jumatatu
hazijaongeza hata unene wa ukucha.
"Zimeshakufa hizo," asema kaka yangu Mbwana Shee. "Zing'oe."

Nikaing'oa moja, kwa uchu wa kujua.
Nikalipasua shina kwa wembe wa baba.
Mwalimu Kache alitwambia mna njia mbili humo,
nyembamba kuliko uzi wa kofia:
moja hupandisha maji,
nyingine huchukua sukari iliyopikwa na jani kwa jua.
Na kiangazi kikikaza, alisema, jani hujinyima.
Halizai jani jingine, halikimbilii ua.
Kidogo kinachopatikana hushushwa gizani,
mizizi ile, ichimbe.

Nikarudi na kijiko, nikafuata mzizi uliokatika.
Ulikuwa umetoka kwenye tundu la karai,
ukaingia mchangani, ukapita jiwe,
ukaenda hadi mkono wangu ukaniishia begani.
Juu, shibiri moja.
Chini sikufika.

Baba hurudi usiku kutoka Kilindini, shingo inamnata.
Kutwa amepakua magunia, kilo hamsini hamsini,
sukari ya watu.
Shati lake likitundikwa, sisimizi hulipanda kwa foleni.
Sisi twanywa mkandaa mtupu.
Viatu vya Idi sikununuliwa. Nilinuna siku tatu,
sikuuliza pesa zinakwenda wapi.

Jumamosi nilisikia sururu nyuma ya ukuta:
wanaume wawili kutoka Kwale, kamba, ndoo,
na baba juu ya shimo akilipa kwa futi.
Futi thelathini. Thelathini na nne.
Udongo unaotoka bado ni mkavu, mwekundu,
ila ule wa mwisho, nilipoufinyanga,
ulikumbuka umbo la vidole vyangu.

Leo nimezimwagia kunde mbili zilizobaki
kikombe kimoja, maji niliyooshea mchele.
Majani hayakuinuka kunishukuru.
Yalikuwa yamejikunja, yapo kazini.