Lori la Arobaini na Moja

Hapa Kibigori nimepewa kiti cha plastiki,
daftari, kalamu, na kazi moja: kuhesabu udongo.
Kila lori likitoka langoni naandika namba,
saa, jina la dereva,
na neno "mchafu".

Wanajenga reli upya.
Pale palipokuwa banda la injini
katapila lilishuka mita mbili, likakuta weusi.
Si ule weusi wetu wa Kano,
unaopasuka Januari na kunasa gumbuti Aprili.
Huu ulimeremeta, una rangi za upinde wa mvua,
unanuka dizeli na lami ya mataruma.

Bi Chelagat wa maabara alikuja kutoka Nakuru,
akachota kijiko hapa, kijiko pale,
kama mpishi anayeonja mchuzi asiouamini,
akapanga vichupa ndani ya barafu.
"Uwahi udongo ungali maji," mhandisi alitania.
Hakucheka.
"Huu," akasema, "umewahiwa zamani."

Mimi namjua mmoja wa waliouwahi.
Baba yangu, Zablon Owiti, fundi wa zamu ya usiku,
alimwaga oili chafu nyuma ya banda, debe baada ya debe,
kwa kuwa ndivyo alivyoonyeshwa,
kwa kuwa inaua majani, inafukuza nyoka, inatuliza vumbi.
Asubuhi tulimnusa kabla hajabisha hodi
na mama akateleka maji ya kuoga.
Harufu hiyo ilinilipia karo.
Sasa inanilipa tena, mia nane kwa siku.

Sheria ni turubai juu, magurudumu yaoshwe,
kisha moja kwa moja hadi shimo la Tamu
(ndivyo mahali panavyoitwa, sikubuni mimi)
lililotandikwa plastiki nene kama ngozi ya fahali.

Alhamisi niliandika arobaini na moja.
Wafubwa, karani wa kule shimoni, akapiga simu.
"Arobaini."
"Hesabu tena."
"Nimehesabu mara mbili, dada. Arobaini."

Lori zima halimezwi na hewa.

Nikafuata pua.
Nikapita kando ya miwa, nikaruka mfereji,
nikatokea kwa Mama Nereah,
ambaye mto Ombeyi umemtoa nyumbani mara tatu,
na mara ya tatu ukaondoka na mbuzi na kitanda.

Ua wake ulikuwa umeinuka.
Futi mbili nzima, umeshindiliwa, umefagiliwa,
mistari ya ufagio bado iko,
na ukingoni kuna kitalu kipya cha sukuma na mnavu.
"Elfu mbili na mia tano tu!" akaniambia.
"Yule dereva ni mtu wa Mungu.
Mwaka huu mto nitaupiga chenga.
Karibu ndani, mbona umesimama kama askari wa kodi?"

Jua lilikuwa limeupata ule udongo.
Ulipumua, na ilikuwa pumzi ya baba.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno:
kisima, maini, watoto, miaka ishirini.
Yakanitoka machache tu:
"Mama, usichume hiyo mboga."

Akanitazama.
Akaitazama mboga.
Akatazama kule mto unakotokea,
ambako mawingu ya Nandi yalikuwa yameanza kukaa kikao.
"Sawa. Mtauchukua," akasema.
"Mtaniletea mwingine?"

Daftari langu lina safu za kinachotoka.
Za kinachorudi hazikuchapishwa.
Nikachuchumaa pale pale kizingitini,
nikachora moja pembeni, bila rula:
*Nereah Akelo. Lori moja. Safi.*
Mbele yake nikaacha nafasi ya sahihi.

Mstari umepinda.
Mhandisi ataniuliza kesho ni wa nini.
Mvua, wanasema, ni Jumapili.