Ufagio Uleule

Mimi ndiye niliyempa barua.
Ilikuwa Machi, theluji bado imeganda chini ya madirisha ya ofisi.
Rezső Bordás akavua kofia, akasoma, akauliza:
"Barabara ya Stesheni itafagiwa na nani?"
Nikamwambia halmashauri haina fedha.
Akaikunja barua mara nne, ikawa ndogo kama kiberiti,
akaitia mfuko wa shati,
na ufagio akauegemeza mlangoni pangu
kama mtu anayerudisha mwavuli wa kuazima.

Miaka kumi na tisa aliufagia mji wetu mdogo,
huku juu, kaskazini mwa Hungaria,
ambako kiwanda cha chuma kilizimwa kabla sijaolewa
na dohani yake ingali imesimama
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Juni akarudi kuomba posho.
Nikafungua daftari. Sheria mpya ilikuwa fupi:
anayetaka kula cha serikali, aishikie serikali jembe.
Nikamtafutia kazi ya jamii iliyo wazi.
Ilikuwa moja tu:
kufagia Barabara ya Stesheni.

Sikucheka. Yeye alicheka.
Nikampa kizibao cha rangi ya chungwa,
saa zilezile, majani yaleyale,
na ufagio uleule, maana tangu Machi hakuna aliyeugusa.
Ujira tu ndio haukuwa uleule.
Theluthi. Tena hauitwi ujira,
unaitwa msaada, na anayesaidiwa
hana chama, hana likizo, hana la kusema.

Nisiseme uongo. Yupo Vendel.
Tangu mama yake azikwe alikuwa halali wala haamki,
dirisha limefungwa, mkate akiletewa na majirani.
Sheria ilimtoa kitandani kwa nguvu,
na muhuri niliutia mimi.
Sasa anapaka rangi mabenchi ya bustani.
Jumatatu hunyoa ndevu.
Juzi kanionyesha viganja vyake vya kijani
kama mtoto aliyejing'oa jino mwenyewe.
Nimwambie nini Vendel? Kwamba amedhulumiwa?

Dada yangu Jolán, mwenye duka la nyuzi, hana shaka:
"Kodi yangu si maziwa ya mama.
Mimi naamka saa kumi na moja alfajiri, nao waamke."
Kisha huongeza la padri, asiyefanya kazi na asile.
Namuuliza: na aliyefanya?
Aliyefanya miaka kumi na tisa, akanyang'anywa,
akarudishiwa theluthi na kuambiwa ashukuru,
huyo ale kiasi gani?
Jolán hupima uzi, hukata. Hanijibu.

Mchumia juani hulia kivulini.
Rezső anachumia kwenye theluji,
na akila, bado yumo kwenye theluji.

Kila asubuhi naita majina.
Daftari lina safu ya waliokuja
na safu ya wasiokuja. Ukikosa mara tatu
posho hukatwa miezi mitatu, na mkono unaokata
ndio huu, wenye baridi yabisi,
unaolipwa mshahara kamili.

Jumapili iliyopita theluji ilianguka usiku kucha.
Niliamka nikasikia mkwaruzo barabarani.
Alikuwa Rezső, bila kizibao,
siku ambayo hakuna sheria inayomdai.
Alifagia mbele ya lango lake,
akafagia kwa mjane Etelka, akafagia kwa Vendel,
polepole, kama mtu asiyehesabiwa.
Alipofika langoni pangu akauinua ufagio,
akapita,
akaushusha tena kwa jirani wa pili.

Nilisimama nyuma ya pazia mpaka alipopotea kwenye kona.
Kisha nikaanza kutafuta ufagio wangu.
Sikukumbuka niliuweka wapi.