Mtega Fuko

Jina lake Obadia Thirkettle.
Karani mmoja kasikia Thurkle, kaandika Thurkle;
mwingine, labda njaa ilimbana,
kamkata nusu, kabaki Kettle: birika tu.
Nimemfuata birika huyo miaka mitatu
katika vitabu vya kanisa vinavyonuka ukungu,
parokia kwa parokia, Norfolk nzima.

Hakuacha kitu. Kibarua, mwana wa kibarua.
Siku ya ndoa alitia msalaba, umelala upande
kama mti uliozoea upepo;
Kezia, mkewe, akaandika jina lake lote,
herufi moja moja, wino umevujia kwenye z.
Nani alimfundisha? Hapo kitabu kinanyamaza.

Kisha, katika hesabu za wazee wa kanisa,
kati ya mishumaa na kamba ya kengele:
*Thirkettle, fuko kumi na mmoja, peni ishirini na mbili.*
Nilicheka peke yangu, mtunza nyaraka akanikazia macho.
Babu wa babu yangu alitega fuko!
Na mimi je, ninayechimba gizani,
nikipapasa kwa pua na vidole?

Jumapili nikaenda. Upande wa kaskazini,
walikolazwa wasiomudu jiwe,
nyasi, manyunyu, hakuna jina.
Ila vichuguu vya udongo mweusi, vibichi,
vya usiku wa jana tu:
tisa, kumi, kumi na kimoja...

sikuendelea kuhesabu.