Ndizi Mfukoni

Mavyaa amepiga simu tena kutoka Tanga.
Kwao adhana ya alfajiri, kwetu giza la saa nane.
"Unalalia ubavu gani?"
Wa ukutani, mama. Chumba chenyewe chembamba,
na Northampton hii hatukupewa ubavu wa kuchagua.

"Kula chumvi. Kula ndizi. Maziwa yaache.
Watatu wa kike wanatosha, huyu wa nne mfundishe njia."
Nasema naam.
Mimba ina miezi sita. Mbegu imekwisha lala,
yeye ndiyo kwanza anatandika kitanda.

Ghalani, tunapopanga viatu vya watu kwenye maboksi,
Bi Doreen wa zamu ya usiku alivua pete ya ndoa,
akaitia uzi, akaining'iniza juu ya tumbo langu.
Ikizunguka, msichana.
Ikienda mbele na nyuma, mvulana.
Pete ikatetemeka tu: vidole vyake vina baridi yabisi.
"Basi labda mbilikimo," akasema,
tukacheka mpaka msimamizi akachungulia.

Wifi naye anauhesabu mwezi kama mdai anayehesabu siku.

Mimi namkumbuka mwalimu Mkangara, kidato cha tatu,
akichora X mbili upande wa mama,
na upande wa baba X, kisha Y, chaki ikakatika.
"Mama hutoa sarafu ile ile siku zote," alisema.
"Baba ndiye mwenye mbili mfukoni,
na hata yeye haoni ametoa ipi."
Wavulana waliguna. Sisi tuliandika.
Miaka kumi na tisa sentensi hiyo iko chini ya ulimi wangu
kama kidonge cha klorokwini,
nikingoja siku ya kumtemea mavyaa.
Sijaitema.

Novemba imeingia, nikalitoa koti la Mbwana,
lile la baridi iliyopita, kabla ya mimba hii.
Mfukoni: maganda mawili ya ndizi,
makavu, meusi kama soli kuukuu,
na vipakti sita vya chumvi, vile vya duka la chipsi.
Nani alimwambia? Alikula wapi,
kwenye basi tupu, mwisho wa ruti, taa zimezimwa?

Aliporudi nilikuwa nimevipanga mezani.
Hakukana. Alitazama viatu vya wasichana mlangoni,
jozi tatu, kimoja kimelala kifudifudi,
akainama akakisimamisha.
"Si kwamba simtaki wa kike," akasema.
"Nimechoka kumsikia mama akikuuliza wewe."

Nikampakulia mayai.
Nikachana kipakti kimoja. Chumvi imeganda kama jiwe,
nagonga, nagonga, haimwagiki.

Simu ikalia.
Tuliitazama ikitambaa juu ya meza kwa mtetemo wake.
Safari hii akapokea yeye.