Pini Tatu

Kwanza nilichomeka kwenye matundu mawili,
jekundu na jeupe, kama nifanyavyo nyumbani
ambako kati ya kisanduku na spika
ni urefu wa mkono, na hakuna neno.
Lakini Katuba, uani kwa Mama Musonda,
waya ulikwenda hatua arobaini
chini ya viti vya kukodi, kando ya masufuria ya bukari,
ukalala ubavuni mwa jenereta
kama mtu asiyechagua majirani.

Mmmmmm.
Marehemu hajafungua kinywa, jenereta imekwisha hutubia.
Wafiwa wakageuka kunitazama mimi.

Mzee Kapya alikuwa tarakimu tupu
(mjukuu aliitoa kaseti, akaiweka kwenye simu);
kisanduku changu kilijua kuzirudisha kuwa pumzi.
Tatizo lilikuwa safari.
Waya ule una kiini kimoja. Ngozi inayokifunika
ndiyo hiyo hiyo njia ya kurudia:
mlinzi wa lango aliyetwikwa na mzigo.
Utamlaumu?

Nikazima. Nikageuza kisanduku.
Nyuma yake pini tatu zilikaa bila kazi
tangu nilipokinunua, cha mkono wa pili, kimepasuka pembe.
Nikatafuta kebo nene garini.
Ndani yake wanaishi mapacha.

Kyungu hutamka neno kama lilivyo.
Kabange hulitamka kichwa chini:
huyu akipanda, yule anashuka.
Jenereta huwarushia matope yale yale, kwa kipimo kile kile,
nao hawajifuti. Wanatembea tu, wamesokotana,
na mlinzi wao safari hii hana mzigo.
Mlangoni pa amplifaya Kabange anapinduliwa,
na neno lake linasimama bega kwa bega na la nduguye.
Matope yake nayo yamepinduka.
Yanakutana na ya Kyungu, yanaisha,
kama deni lililokutana na malipo yake barabarani.

Tukamsikia mzee akiita wanawe kwa majina,
akikosea la kitindamimba,
akikohoa, akicheka, akianza upya.

Ila nyuma ya sauti, chini kabisa, kitu bado kilinguruma.
Nikakagua pini. Nikagusa kila kiungo.
Jasho likanishuka mgongoni, nikawa karibu kuomba radhi,
Mama Musonda akainua mkono.

"Acha. Hiyo ni tanuru.
Alijirekodi dirishani, mwaka wa themanini na nne,
zamu ya usiku walikuwa wanayeyusha.
Nililala na mngurumo huo miaka ishirini.
Usiuguse."

Singeweza kuugusa. Mapacha hawaulizi ulichotoka nacho nyumbani.

Nikaketi juu ya boksi la waya.
Akarudia jina la kitindamimba, sasa kwa usahihi.
Kebo ilikuwa imelala miguuni pangu,
na sijui mukuba wake uliyeyushwa wapi,
usiku gani, nani akiwa macho.