Vizibo

Simu nimezifungia kwenye debe tupu la unga,
juu ya kabati. Jumamosi, hapa Umoja.
Mumo kanuna. Kakaye kahesabu nyufa za dari,
alipofika kumi na saba akasinzia.

Saa nane hivi nikasikia kisu
kikikwaruza kadibodi.
Walikuwa wakichora drafti kwa kipande cha makaa;
vizibo vya soda, vya huyu chali,
vya yule kifudifudi.
Wakagombana. Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.
Ugali ukapoa.

Usiku nikashusha debe.
"Haya, chukueni."
Mumo hakuinua kichwa.
"Ngoja, Mama. Bado hatua moja niingie kingi."

Nikaketi.
Debe likanguruma mapajani mwangu,
likanyamaza.